Jaribuni maiki kabla Bibi hajaanza

Wazazi wenzangu, mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga, tulimkalisha sebuleni, tukambania maiki ndogo kwenye mtandio, naye akawasimulia wajukuu habari za utoto wake kwa dakika 40. Usiku tukaitazama video. Midomo inacheza, sauti hakuna.

Kamera haikuwa na kosa. Maiki ilikuwa ya simu. Tazameni pini: ya simu huwa na mistari mitatu, ya kamera miwili. Zote ni za milimita 3.5 na huingia tundu lile lile, ndiyo maana mtu hudanganyika. Adapta ndogo ingetosha. Tena kamera nyingi, ukichomeka maiki ya nje, huzima ile ya ndani, kwa hiyo hupati hata sauti ya mbali. Betri ya maiki ikiisha, mambo ni yale yale.

Kwa maoni yangu kazi hii wapewe watoto. Rekodini sekunde 10, mzisikilize, ndipo mzee aanze. Kamera ikiwa na tundu la hedifoni, mtoto mmoja azivae mpaka mwisho. Wangu hujibu Kiingereza kila nikiwasemesha Kiswahili; mwenye hedifoni hana budi kufuata kila neno.

Bibi amesharudi. Kwenye simu anasimulia, ila kwa kifupi, na ule wimbo wa kubembelezea mtoto amesema atauimba tukienda Tanga.