TOPE LA RUFIJI LINA WENYEWE

Kila masika, maji ya mlango wa bahari unaoitenga Mafia na bara hubadilika rangi. Buluu huondoka, ikaja rangi ya udongo. Mgeni hudhani bahari imechafuka. Mvuvi wa kisiwani hadhani hivyo; yeye ajua kuwa huo ni mto Rufiji umefika baharini, na kwamba msimu wa kamba huja na maji hayo.

Katika ofisi nyingi tope huhesabiwa kuwa uchafu. Twaomba fikra hiyo iachwe. Tope hilo ni ardhi iliyo safarini. Ni udongo wa Kilombero, wa Luwegu na wa Ruaha Mkuu, uliong'olewa na mvua milimani na mashambani, ukabebwa hadi pwani. Mchanga mzito hutua kwanza, mto unapopunguza mwendo, nao ndio unaojenga mafungu na kingo za delta. Udongo laini hunaswa na mizizi ya mikoko, na pale Rufiji ipo misitu ya mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, mikubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Humo ndimo kamba wachanga wanamokulia. Chembe zilizobaki, laini kama unga, hukutana na maji ya chumvi, zikashikamana na kuzama polepole, au huchukuliwa na mkondo wa bahari uelekeao kaskazini.

Wala safari haiishii hapo. Mashariki ya Mafia sakafu ya bahari huteremka haraka kwenda kwenye kina kirefu. Udongo uliolundikana penye mteremko wa namna hiyo humeguka siku moja, ukaporomoka kama mlima uliopasuka, ukifuata mabonde yaliyochimbika chini ya bahari. Nguvu ya maporomoko hayo si ya kudharauliwa. Mwezi Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mto Kongo, poromoko la tope lilianza karibu na mdomo wa mto huo, likasafiri zaidi ya kilomita 1,100 chini ya Atlantiki, likakata nyaya za mawasiliano zilizolala njiani. Huku kwetu, gesi iliyogunduliwa tangu mwaka 2010 katika kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara imehifadhiwa ndani ya tabaka za mchanga uliopelekwa huko kwa njia hiyo hiyo na mito ya zama za kale. Basi ofisa anayeliita tope taka na akumbuke kuwa gesi anayoipigia hesabu imelala ndani ya tope la kale.

Tunayasema haya kwa sababu njia ya udongo huo sasa ina mlango. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwaka 2024. Uwezo wake wote ni megawati 2,115. Taifa lilihitaji umeme huo, na gazeti hili halimo katika wale wanaotamani bwawa lisingejengwa. Lakini bwawa lenye nafasi ya mita za ujazo zaidi ya bilioni 30 hutuliza maji, na maji yaliyotulia hutua mzigo wake. Mchanga hubaki nyuma ya ukuta. Kiendacho pwani ni maji yaliyo mepesi kuliko zamani, na maji mepesi yana njaa: hula kingo za mto yalizokuwa yakizijenga.

Wamisri wamekwisha kuyaona. Bwawa kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, lakini mafuriko ya Nile yalikuwa yamezuiwa miaka kadhaa kabla ya hapo. Pwani ya Rosetta ikazidi kuliwa na bahari. Samaki aina ya dagaa waliovuliwa mbele ya delta, ambao mwaka 1962 walifikia tani 18,000 hivi, walishuka hadi chini ya tani 1,000 mwishoni mwa miaka hiyo ya sitini. Nile si Rufiji, na hatusemi kwamba yaliyowapata wale lazima yatupate sisi. Twasema tu kwamba wao hawakuwa na wa kujifunza kwake. Sisi tunao.

Na kwa upande wa pili, tope likizidi huua vilevile. Matumbawe ya Chole, Juani na Jibondo, yaliyomo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, huhitaji mwanga. Yakifunikwa na udongo hufa. Kila mlima unaofyekwa bara na kila mkoko unaokatwa deltani ili kupanda mpunga huongeza udongo usiotakiwa mahali usipotakiwa. Kwa hiyo hatuombi tope jingi wala tope kidogo. Tunaomba lijulikane kipimo chake.

Wakulima wa bondeni, wanaopanda mlau baada ya maji kushuka, na wavuvi wa visiwani wana haki ya kuambiwa ni maji kiasi gani yatafunguliwa, lini, na yakiwa na udongo kiasi gani. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyowahamisha watu Rufiji na Kibiti yalionyesha jinsi habari isiyofika mapema inavyozaa maneno mitaani. Tunawaomba wanaosimamia bwawa, bonde na bahari wakae meza moja, wapange maji ya msimu yaachiliwe kwa kufuata masika na si kwa kufuata mahitaji ya umeme peke yake, wapime udongo juu ya ukuta, chini yake na midomoni mwa delta, na vipimo hivyo vibandikwe kila mwezi Utete, Nyamisati na Kilindoni, kwa Kiswahili, mahali ambapo nahodha wa mashua aweza kuvisoma kabla ya kutweka tanga.