Chombo Chenye Pambo Hakipotei

Juzi alasiri nilisimama katika kibanda kando ya barabara ya Magomeni, nikingojea mvua ipungue, na mbele yangu kikapita kigari kidogo, katika hivi vinavyoitwa kwa dharau "bebi woka", ambacho mwenyewe alikuwa amekipamba kwa namna isiyo ya kawaida: milangoni palichorwa mabibo mekundu na ya manjano pamoja na korosho zake, ukingo wa paa ulizungushiwa mstari mfano wa pindo la kanga, na nyuma, chini ya kioo, paliandikwa kwa hati nzuri neno moja tu, "Shukrani". Vijana waliojibanza pamoja nami walicheka, wakasema kuwa mtu mzima hachori gari lake kama daftari la mtoto. Sikuwajibu pale, maana mvua ilikuwa na kishindo na maneno machache yasingetosha. Nawajibu hapa, kwa heshima, kwa kuwa jambo hili nimelijua tangu utotoni, na nina yakini kuwa ni kubwa kuliko linavyodhaniwa.

Watu wa mwambao hawakupata kuona haya kupamba chombo. Mtepe wa Lamu, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba bila ya msumari, uliingia bandarini na mapambo katika omo yake. Majahazi makubwa yalinakshiwa tezi zao. Na vyombo vingi vilishushwa majini vikiwa vimepewa majina ya kuviombea salama. Lugha yetu yenyewe haikutenganisha bahari na nchi kavu katika habari hii: jahazi ni chombo, na gari ni chombo, hata askari wa barabarani aandikapo leo "chombo cha moto" hutumia neno alilorithi kwa manahodha. Wala pambo lile halikuwa fahari tupu, kwa sababu chombo huonekana kwa mbali kabla ya nyuso za waliomo, na aliyesimama pwani akiangaza macho hutaka kujua, kabla ya yote, ni chombo cha nani.

Baba yangu alikuwa karani mjini Dar es Salaam, na mapema miaka ya 1970 alinunua Volkswagen iliyokwisha tumika, ile yenye mgongo wa duara, ambayo sisi watoto tuliiita Kobe. Rangi yake, ya maziwa, ilikuwa imebanduka mahali pengi, na fedha ya kuipaka upya haikuwapo. Shangazi yangu, aliyekuwa mpambaji wa maharusi, hodari wa hina na piko, alikuja Ijumaa moja baada ya sala na kikopo cha rangi nyeusi ya mafuta, na brashi aliyoipunguza nywele hata zikabaki chache, akaweka kigoda mbele ya boneti, akaanza kwa ua moja katikati kama afanyavyo katika kiganja cha bibi-arusi, kisha akavuta kikonyo kutoka katika ua, na kikonyo kikazaa jani, na jani likazaa ua jingine, hata ilipoadhiniwa Magharibi boneti nzima ilikuwa imejaa. Kila palipoota kutu alipafanya kitovu cha ua, na kwa hivyo kasoro za gari zikawa ndizo mianzo ya uzuri wake. Mama naye alishona mifuko ya viti kwa kanga, na tangu siku ile, mtaani kwetu, baba hakujulikana tena kwa cheo chake, bali kwa gari la piko.

Mwishoni mwa Machi mwaka mmoja, shule zilipofungwa, tulifunga safari ya kwenda Kilwa Kivinje kumzuru bibi mzaa baba. Barabara ya kusini, kwa waliozaliwa karibuni wasioijua, ilikuwa ya udongo, na masika yakishika ilikuwa ikifungwa kwa miezi. Baba alikadiria kuwa tungewahi kuvuka Rufiji kabla ya mvua, lakini mvua ya mwaka ule ilitangulia. Tufani ilitukuta tulipoipita Kibiti. Mikorosho ililazwa na upepo ikaonyesha tumbo la majani yake, mchana ukawa kama saa ya Isha, na maji yakashuka barabarani kwa rangi ya chai ya maziwa, yakibeba matawi na makuti. Injini ya gari lile imekaa nyuma, juu ya magurudumu yenye kusukuma, nayo hupozwa kwa upepo, bila ya rejeta. Uzito ule uliyashikilia magurudumu katika tope mahali ambapo malori yaliteleza ubavu, tukasonga, baba akiwa amekaza mikono na mama akisoma dua, hata jioni tukafika kivukoni Ndundu. Huko tuliukuta mto umefura, pantoni imefungwa kwenye mti, na safu ya malori imepanga ukingoni.

Tulikaa Ndundu siku tatu usiku na mchana, na likizo yetu, iliyokuwa imepangiwa bahari na samaki wa kuchoma, ikawa likizo ya tope. Lakini asubuhi ya kwanza wanawake wa kijiji kile walikuja kulitazama gari, na mmoja wao akapitisha kidole juu ya boneti, akamwuliza mama ni fundi gani aliyelitia gari piko. Mama akamweleza habari za wifi yake, yule naye akamweleza habari za harusi ya binti yake, na kabla jua halijatua tulikuwa tumehamishwa kutoka katika viti vya gari, tukalazwa juu ya mikeka ndani ya nyumba yao, na tukala kambale na ugali katika sinia moja na watoto wao. Malori yale yalikuwa makubwa na gari letu lilikuwa duni, lakini hapana aliyelizunguka lori ili aulize limetoka wapi.

Siku ya pili, upepo ulipotulia, utingo mmoja alivuka kwa mtumbwi kwenda kutafuta kipuri ng'ambo, akabahatika kupata lori lililokuwa likigeuza kurudi kusini. Likamfikisha Kilwa Kivinje, ambako bibi alikuwa ameketi barazani tangu alfajiri, akimsimamisha kila dereva na kumwuliza habari za mwanawe. Hakuijua namba ya gari, wala madereva hawakumjua baba kwa jina. Alichoweza kusema ni kwamba gari la mwanawe limechorwa maua ya piko. Utingo yule alipoulizwa hakufikiri. "Gari la piko? Liko Ndundu, mama, halijavuka, na waliomo wote ni wazima." Usiku ule, kwa mujibu wa alivyotusimulia mwenyewe, bibi alipata usingizi wa kwanza tangu tufani ianze.

Hii ndiyo hoja yangu, na kisa chote nimekitoa kwa ajili yake: pambo ni maamkizi. Mwenye kupamba chombo chake amewasalimu watu asiowajua kabla hawajamsalimu, na katika siku ya shida, hususa shida ya njiani, ambapo mtu huwa mbali na jamaa zake na cheo chake hakisomeki usoni, maamkizi hayo hujibiwa kwa mkeka, kwa sinia, na kwa habari inayofikishwa kwa mama aliyekesha. Najua nitaambiwa kuwa leo kila mtu ana simu, na kwamba bibi yangu angekuwa hai asingeuliza madereva. Ni kweli, lakini simu humwita yule akujuaye tayari, na tufani aghalabu hutuangusha miongoni mwa wasiotujua.

Wala hatuko peke yetu katika kuliona hili. Nchini Mexico, ambako kiwanda cha Puebla kilitoa gari la mwisho la umbo lile la kobe tarehe 30 Julai 2003, baada ya zaidi ya magari milioni 21 kutengenezwa duniani, mafundi wa kabila la Wahuichol walilichukua mojawapo mwaka 2010 wakalivika shanga zaidi ya milioni mbili, moja moja, toka boneti hata mikono ya milango, wakatia kulungu na nge, na nyoka wa mawinguni ambao kwao ni alama ya mvua. Waliliita Vochol, kwa kuliunganisha jina la mtaani la gari na jina la watu wao. Lile lilikuwa gari la mtu wa kawaida, la kazi na la bei nafuu, nalo likafanywa ukumbi wa sanaa ambayo watu wale waliipokea kwa wahenga wao.

Basi nashangaa tunapovidharau vigari vidogo, nasi tunaishi navyo. Magari haya madogo yatokayo Japani humpeleka muuguzi zamu ya usiku, humrudisha mwalimu na madaftari yake, na humbeba mgonjwa alfajiri. Hunywa mafuta kidogo na vipuri vyake hupatikana kila mtaa. Tena heshima ya gari dogo si jambo geni Afrika Mashariki, kwani Volkswagen ileile ilishinda Mbio za Magari za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, mbio zilizokuwa zikifanywa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameshika, na ambazo mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho kwa ajili ya tope na mvua. Tunayaacha magari yetu yote yawe ya kijivu na fedha, yasitofautiane hata uwanjani pa kuegesha, kana kwamba kuwa mdogo ni aibu ya kufichwa.

Sisemi kila pambo ni halali. Pambo lisizibe kioo wala kufunika taa, lisifiche namba, na maneno yanayoandikwa nyuma yawe ya kusomwa na mtoto na mzee bila ya kuinamisha macho. Sheria inapotaka hayo inataka haki. Na pambo halizuii maji. Baba, pamoja na mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa Kobe wake, hakujaribu kuvuka mahali asipoiona ardhi, na hilo nalisisitiza kwa vijana, kwa sababu maji yaendayo kasi, hata yasipofika magotini, huliinua gari dogo na kulichukua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na pwani yetu, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kutangaza tahadhari, barabara ya Lindi ilikatika Somanga na wasafiri wakalala njiani kama tulivyolala sisi, ingawa juu ya Rufiji, tangu mwaka 2003, limesimama Daraja la Mkapa lenye urefu wa karibu mita 970. Daraja limeondoa pantoni. Tufani ingali inakuja, na inapokuja, msafiri mwenye akili husimama, na aliyesimama huhitaji wenyeji.

Nataraji yule mwenye gari la mabibo atayasoma haya, ajue kuwa kuna mtu kibandani asiyecheka. Tulipofika Kilwa Kivinje, siku ya tano, boneti ilikuwa imefunikwa na tope la Rufiji, na watoto wa mtaa walitupita wasijue gari la nani. Bibi alitoka barazani, hakutusalimu kwanza, alichukua ncha ya kanga yake, akaipangusa boneti taratibu, hata ua la katikati likaonekana, kisha akaweka kiganja chake juu ya ua lile, akakiacha hapo kwa muda, akasema, "Karibuni, wanangu."