JIKO LA GESI SI KABATI

Mfanyakazi akinunua kabati, hulipeleka nyumbani, hulisimamisha penye nafasi, na kazi imekwisha. Siku hizi twaona ndugu zetu wengi wakilifanyia jiko la gesi vivyo hivyo. La zamani hufunguliwa jioni, jipya hupachikwa mahali pake, na kabla ya isha watu wanakula. Twasema waziwazi kwamba desturi hii haifai.

Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo twaliunga mkono, kwani moshi wa kuni na mkaa umewaumiza mama zetu vifua na macho kwa muda mrefu mno. Lakini kumpa mtu mtungi bila kumfundisha namna ya kuufunga ni kumtoa katika moshi na kumsogeza kwenye moto.

Nyumba nyingi huanza na mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo kilichokazwa juu yake. Mapato yakiongezeka kidogo, hununuliwa mtungi wa kilo 15 na jiko la mezani. Hapo ndipo penye mtego. Gesi iliyomo mtungini ina msukumo mkubwa mara nyingi kuliko ule ambao jiko la mezani limeundiwa, na kazi ya kuupunguza ni ya regyuleta. Aliyezoea mtungi mdogo hukidharau kifaa hicho, au huchukua chochote kinachoingia kwenye koki. Tena wapo wanaolivalisha jiko jipya mpira uleule wa zamani, uliokwisha kukakamaa na kufanya nyufa, ili kuokoa shilingi chache. Mpira huzeeka, ndugu. Jiko likibadilishwa, mpira na vibano vyake navyo vibadilishwe.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni ikingoja cheche. Harufu mbaya tuinusayo si yake ya asili. Hutiwa makusudi ili itupe habari. Basi kabla ya kulifungua jiko la zamani, yapasa kufunga koki ya mtungi, kuuacha moto wa jiko uishe wenyewe, kuzima kila moto mwingine uliomo chumbani, na kufungua milango na madirisha. Jipya likiisha kufungwa, mtungi ukiwa umesimama wima, ifunguliwe koki na kila kiungo kipakwe maji ya sabuni. Penye kuvuja patatoa mapovu. Tumesikia habari za mafundi wapimao kwa njiti ya kiberiti. Fundi wa namna hiyo na aonyeshwe mlango. Na harufu ikisikika, mtu asiguse swichi ya taa, si kwa kuwasha wala kwa kuzima. Afunge koki, awatoe watu nje.

Liko jambo jingine lisilojulikana sana. Mjini Dar es Salaam baadhi ya nyumba, kama kule Mikocheni, zimeunganishwa na gesi asilia kwa bomba. Hiyo si gesi ya mtungi: ni nyepesi kuliko hewa, na jiko la mtungi halifai kuunganishwa nayo mpaka vitundu vipitishavyo gesi vibadilishwe na fundi ajuaye. Moto wa manjano utiao sufuria masizi ni dalili kuwa gesi haiungui sawasawa, na hapo hutoka hewa ya sumu isiyo na harufu yoyote.

Lawama hatuwatwishi wanunuzi peke yao. Muuzaji hupokea fedha, huandika risiti, na mteja huondoka na boksi juu ya bodaboda. Twadai bei ya jiko iwe pamoja na kulifunga na kulipima mbele ya wenye nyumba. Tena afundishwaye asiwe mwenye risiti tu, bali hasa mtumishi wa nyumbani, asimamaye mbele ya moto huo kutwa nzima. Twaijua nyumba moja ambamo binti wa kazi alisema siku tatu mfululizo kuwa ananusa gesi, akajibiwa kuwa hiyo ni harufu ya jiko jipya.