Daftari la Wiki: Hadithi Isiposema, Mchoro Husema

Pengo. Mwandishi hutaja daktari bila kueleza kama ni mwanamke au mwanamume. Mchoraji hana nafasi hiyo: akishika penseli, lazima aamue. Uamuzi wake mara nyingi hufuata mazoea ya jamii yake, na hapo ubaguzi huingia kitabuni bila neno hata moja kuandikwa.

Ukambani. Katika ngano za Wakamba, ambazo John Mbiti alichapisha baadhi yake mwaka 1966, zimwi huitwa eimu. Hujigeuza litakavyo: mara lina mguu mmoja, mara ni kijana mtanashati anayemvuta msichana ngomani. Msimulizi huweza kuzibakisha sura zote mbili. Ukurasa wa kitabu kwa kawaida hubeba moja. Ikichorwa ya mguu mmoja tu, mtoto huzoea kuona ulemavu na uovu kuwa kitu kimoja. Ikichorwa ya kijana, onyo la ngano hubaki kamili: mla watu huweza kuja akipendeza.

Venisi. Tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina *Mabepari wa Venisi* (1969) inataja ndevu na joho la Shylock, mkopeshaji Myahudi. Pua yake haielezi. Hata hivyo, wachoraji wengi wa Ulaya walimpa pua kubwa iliyopinda, dhihaka ya karne nyingi dhidi ya Wayahudi.

Kongo. Hergé, mchoraji wa katuni wa Ubelgiji, alianza kuchora safari ya mhusika wake Tintin nchini Kongo mwaka 1930 bila kufika huko, akitegemea makumbusho ya Tervuren. Katika toleo la 1946, somo la Tintin kuhusu Ubelgiji liligeuzwa kuwa la hesabu. Nyuso za Wakongo, zenye midomo iliyokuzwa kupita kiasi, zikabaki.

Kiwandani. Roald Dahl, mwandishi wa Uingereza, alitoa kitabu cha watoto *Charlie and the Chocolate Factory* mwaka 1964. Humu maneno yenyewe yalisema: vibarua wa kiwanda walikuwa mbilikimo wa Kiafrika waliolipwa kakao. Baada ya lawama, toleo la 1973 lilibadilisha maneno na michoro pia.

Darasani. Njia rahisi ya kukagua kitabu ni kusoma hadithi kwanza, picha zikiwa zimefunikwa, wanafunzi wachore wahusika wao, kisha walinganishe. Kilichomo katika maneno ni cha mwandishi. Kilichozidi ni cha mchoraji, au cha mwanafunzi mwenyewe, na hicho ndicho cha kujadiliwa.