Siku mbaya isiyo na refa

JICHO LA UGHAIBUNI
Na Idrisa Mkwizu

Shabiki wa soka akifungwa ana akiba ya maneno ya kumfikisha mechi ijayo. Refa kanunuliwa. Uwanja ulikuwa tope. Kamati ya ufundi ya wale jamaa ililala makaburini. Nimekulia Kariakoo, ambako Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga kote ni umbali wa kutembea kwa mguu, na katika makelele yote ya jioni za mechi sikumbuki kumsikia mtu mzima akisema kwa sauti ya kawaida kwamba leo wametuzidi, basi.

Labda ndiyo sababu nimenogewa na gofu ya visahani, na sana sana na zile siku ambazo mchezo huo unamwendea mtu vibaya.

Kwa ambaye hajauona: ni gofu, ila badala ya kigongo na kipira unarusha kwa mkono kisahani cha plastiki, upana wake kama sentimita 21, uzito mara nyingi kati ya gramu 150 na 180. Mwisho wa njia kuna kikapu cha chuma kwenye mlingoti, na juu ya kikapu imening'inia minyororo ya kukidaka kisahani. Unarusha kutoka kwenye kianzio, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, mpaka kiingie. Vikapu kwa kawaida ni 18. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Hapa Finland ninakoishi, mchezo huu umetapakaa msituni kote, viwanja vingi havina kiingilio wala geti, na saa za kutoka kazini utawakuta mafundi bomba, manesi na wastaafu wamebeba mikoba yao ya visahani wakielekea mitini kama watu wenye miadi.

Miti ndiyo yenye uwanja. Wajenzi wa viwanja wanakata njia nyembamba katikati ya misonobari, halafu wanakuambia urushe humo. Wachezaji wana utani wa zamani kwamba mti ni hewa kwa asilimia 90. Anayeanza mchezo hukutana na ile kumi iliyobaki. Kisahani kinagonga shina mita tano mbele yako, mlio wake unasikika mpaka kwenye maegesho ya magari, kisha kinarudi nyuma na kulala karibu na miguu yako. Umetumia mtupo mmoja na umesogea kinyumenyume.

Kuna bwana mmoja nilimshuhudia vuli moja, mtu wa makamo, vifaa vyake vyote safi kama vya hospitali. Kisahani chake kilinasa juu ya msonobari. Akarusha kingine kukiangusha; nacho kikanasa tawi la jirani. Akarusha fimbo, ikapita pembeni. Akasimama, akautazama mti kwa muda, akavua kiatu. Msomaji ameshajua. Aliondoka akirukaruka kwa soksi moja juu ya nyasi zenye jalidi, na Wafini waliokuwa nyuma yake wakisubiri zamu walitazama ardhi kwa heshima kubwa mpaka alipotokomea kwenye kona. Hapo ndipo nilipojua kuwa Wafini nao hucheka.

Maji ni hasara zaidi kuliko mti, kwa sababu mti siku moja utapigwa na upepo. Kisahani kikizama ziwani kimekwenda, labda umpate mmoja wa wale wanaovaa suti za kuzamia na kuvitafuta matopeni. Ndiyo maana wengi huandika jina na namba ya simu upande wa chini kwa kalamu isiyofutika. Wenye uzoefu, wakifika penye bwawa, huingiza mkono ndani kabisa ya mkoba na kutoa kisahani kikuukuu ambacho hakitaliliwa. Majira ya baridi kali theluji inafanya kazi ya bwawa: kisahani kinapenya chini na kuacha mpasuko mdogo tu juu, kwa hiyo watu hukibandika utepe mrefu wa rangi ili kiache mkia. Sheria inakupa dakika tatu za kutafuta. Zikipita, kimehesabiwa kimepotea. Unaongezewa mtupo wa adhabu na kurudi ulikotoka.

Lakini hayo ni mapigo ya asili, mtu huyameza. Linalouma kweli ni la karibu. Uko mita sita, mtupo wa kumalizia, kitu unachokifanya ukiwa umefumba macho kwenye ua wa nyumbani. Kisahani kinaingia kwenye minyororo, minyororo inalia, halafu kikapu kinakitema. Kinaanguka kwa ukingo, kinasimama wima, kinaanza kubingirika. Kwenye tambarare kingelala. Mteremkoni kinashika mwendo, kinapita kwenye mizizi kwa ustadi ambao wewe mwenyewe huna, na kila mtu kwenye kundi anakisindikiza kwa macho bila neno. Ulikuwa mita sita. Sasa uko mita arobaini, na ni zamu yako tena. Au kisahani kinatua juu kabisa ya kikapu, juu ya ule mfuniko unaoshika minyororo, na kinabaki pale kimetulia kama kofia. Hakihesabiwi. Unakishusha, unaongeza mtupo, na watu wanakuja kupiga picha.

Shemeji yangu alipotutembelea kutoka Dar nilimpeleka. Kikapu cha kwanza, mti. Cha pili, mti. Kwenye cha tatu alisimama, akashika kiuno.

"Shem, huu mti umetumwa."

"Shemeji, mti huu una miaka mia na zaidi, na wewe umefika jana."

"Ndiyo nasema. Ulikuwa unanisubiri."

Nilicheka, lakini alichokifanya ndicho ninachotaka kukizungumza. Mtu wa Kariakoo ukimnyima refa, atamtafuta kwenye shina. Mchezo huu hauna wa kulaumiwa: mpinzani hakugusi wala hakuzuii, kocha hakutoi nje, na refa kwa sehemu kubwa hayupo. Wachezaji wenyewe ndio wanaoandikiana mitupo na kuambiana makosa: umekanyaga mbele ya alama, kisahani kimetoka nje ya mpaka, ongeza mmoja. Wanaokushitaki ndio wanaotembea nawe hadi kikapu cha 18, na pengine mmoja wao ndiye aliyekupa lifti. Kwa mwenye hasira za karibu, hii ni adhabu tosha.

Wengine adhabu hiyo huwashinda. Umbali mfupi kutoka Tampere kuna mji wa Nokia, ndio ulioipa jina kampuni ya simu, na pale kuna uwanja ambao mashindano ya Ulaya yamefanyika mara kadhaa. Mwaka 2022 mchezaji wa kulipwa kutoka Marekani aliadhibiwa na msimamizi kwa kupitisha muda. Sheria inatoa sekunde 30 za kurusha. Akamvaa yule msimamizi kwa ukali mbele ya kamera, na chama cha mchezo kikamsimamisha. Nilipoiona video yake nilihisi niko nyumbani. Kwetu tukio kama hilo lingekuwa dakika ya kumi ya mechi ya ligi, na wala lisingefika ukurasa wa michezo. Huku lilikuwa kashfa ya msimu mzima, na sidhani kama Wazungu walikuwa wanatia chumvi. Mchezo unaotegemea watu kujihukumu ukimvumilia mmoja anayetisha, kufikia wiki ya pili haupo.

Sasa ipo siku mbaya ya aina nyingine, ambayo naiona ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni ile ambayo hukukosea chochote.

Juni 2021, mji wa Ogden, jimbo la Utah, fainali ya ubingwa wa dunia. Paul McBeth tayari ni bingwa wa dunia mara tano, na mapema mwaka ule amesaini mkataba wa miaka kumi na kampuni ya visahani kwa dola milioni 10, fedha ambazo mchezo huu ulikuwa haujawahi kuzisikia. Kikapu cha mwisho, anaongoza kwa mtupo mmoja. Anayemfuata, James Conrad, yuko umbali wa futi 247, yaani kama mita 75, na hana njia ya kujiokoa isipokuwa kutumbukiza kutoka hapo hapo alipo. Watu hawatumbukizi kutoka mita 75. Wanasogeza, wanamaliza, wanampa mkono bingwa.

Conrad akarusha. Kisahani kikaelea juu ya vichwa vya watu, kikashuka, kikaingia kwenye minyororo na kubaki humo. Wameshafungana. Kwenye kikapu cha kwanza cha nyongeza Conrad akashinda, na ubingwa ukawa wake.

Video ile imetazamwa mamilioni ya mara, na karibu kila mtu humtazama Conrad: nywele zake ndefu, mikono juu, umati unaomvamia. Mimi huwa namtafuta McBeth. Jaribu kujiweka pale. Umecheza siku kadhaa vizuri kuliko binadamu wote duniani isipokuwa mmoja, na huyo mmoja umemwacha nyuma. Kwenye kikapu kile cha mwisho hukupiga mti, hukuzamisha, hukuanza kutetemeka. Ungerudi kesho kurekebisha kosa, lingekuwa kosa gani? Kulaumu bahati ni kama kulaumu mvua. Kwa kawaida aliyeshindwa hulala na swali la wapi alipokosea, na swali hilo, kwa maudhi yake yote, humpa kazi ya kufanya asubuhi. McBeth hata hilo hakuachiwa.

Yupo atakayeniambia kwamba mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wake wa sita, Emporia, Kansas, tena kwa kikapu cha nyongeza dhidi ya Aaron Gossage. Kweli, alitwaa, na ninampa heshima yake. Ila nani nje ya mashabiki sugu anaikumbuka Emporia? Mtupo wa Ogden ndio unaoonyeshwa, na McBeth ataendelea kuwa mtu aliyesimama pembeni kwenye picha ya furaha ya mwenzake. Sioni kama ubingwa wa sita ulifuta kitu. Ulikuja ukakaa jirani.

Nisiache kutaja kupe, maana wasomaji wangu wafugaji watanicheka nikiwasahau. Kwenye nyasi ndefu za nchi hizi kupe hubeba ugonjwa wa Lyme, unaochosha viungo na kumlegeza mtu kwa miezi. Ricky Wysocki, bingwa wa dunia wa 2016 na 2017, ulimpata na kumsumbua sana. Sisi tuliomzoea kupe kama tatizo la ng'ombe huona ajabu, mwanariadha kuangushwa na mdudu wa malishoni. Kila nikitoka uwanjani hujikagua nyuma ya magoti kabla ya kuhesabu mitupo.

Mtu aliyeuleta mchezo huu katika sura yake ya leo, Ed Headrick, naye aliufuata hadi mwisho. Alifanya kazi kwenye kampuni ya Wham-O iliyotengeneza Frisbee, akaweka uwanja wa kwanza wa kudumu Oak Grove Park, California, mwaka 1975, akaanzisha chama cha wachezaji mwaka 1976, na ndiye aliyepata hataza ya kikapu cha minyororo. Alifariki 2002, na kwa wosia wake majivu ya mwili wake yakachanganywa kwenye plastiki na kufinyangwa visahani. Vipo vilivyouzwa kwa watu. Nikifikiria siku mbaya ya mchezo huu, huwa namfikiria jamaa ambaye siku moja atakosea mkoba, achomoe kile asichotakiwa kukichomoa, mbele ya bwawa.

Nimeulizwa na rafiki wa Kinondoni kama inawezekana kuuanzisha Dar. Kwa vikapu vichache eneo dogo linatosha, kisahani kimoja kinatosha kuanzia, na shule yenye uwanja wa vumbi na kivuli inafaa kabisa. Ningefurahi kuona watoto wa Simba na wa Yanga wakifundishwa mchezo ambao wao wenyewe ndio wanaojiandikia adhabu, na ningelipa nauli kuwaona wazazi wao wakitazama. Vikapu vya chuma ndivyo vinavyonitia shaka. Minyororo ile haitamaliza wiki kabla ya kupimwa kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu. Lakini pale Oak Grove mwanzoni hapakuwa na minyororo. Walilenga nguzo tupu, anayegusa kamaliza. Sisi tuna minazi na miembe. Tatizo ni kwamba kisahani kikinasa mwembeni msimu wa maembe, watoto watakaopanda kukishusha hawatashuka na kisahani peke yake, na mwenye mwembe atatoka nje kuuliza nani amewatuma.