Anayefuta Kwenye Picha Aandike Alichofuta

Katika fakulte yetu, mwanafunzi akikuta neno lililoliwa na mchwa kwenye hati ya zamani, hawezi kulijaza kimyakimya. Akilijaza, analiweka ndani ya mabano, na chini ya ukurasa anaeleza kwa nini amelisoma hivyo. Asipofanya hivyo, walimu wetu wanamrudishia kazi. Lakini mwanafunzi huyohuyo akipiga picha ya jengo la kihistoria kwa ajili ya ripoti yake, anapitisha kidole kwenye simu juu ya waya wa umeme, juu ya mama anayeuza ndagala, juu ya shitingi iliyoziba dirisha, na vyote vinatoweka. Hakuna mabano wala maelezo chini ya picha. Tena anasifiwa kwamba picha yake ni safi.

Naona tunatumia sheria mbili kwa kazi moja. Picha ya jengo la kale ni hati, na anayefuta kitu ndani yake anawajibika kama anavyowajibika mhariri wa maandishi.

Tuanze na neno lenyewe. Tunasema "kusafisha picha". Kinachosafishwa ni uchafu, kwa hiyo neno limeshatoa hukumu kabla hatujaangalia kilichoondolewa. Vumbi lililoshika kwenye lenzi ni uchafu kweli, kwa sababu halikuwapo ukutani. Hata jengo lililoonekana kuinama kwa kuwa mpigaji alielekeza kamera juu linaweza kunyooshwa, maana ukuta wenyewe haukuinama. Hayo ni makosa ya chombo. Mama mwenye ndagala si kosa la chombo. Alikuwa pale, na kuwapo kwake kunatuambia jengo hilo linatumiwa na nani na kwa kazi gani.

Jambo la pili ni kwamba kufuta ni kuongeza. Programu haijui kilichokuwa nyuma ya mtu aliyefutwa. Inatazama rangi na mistari ya jirani, kisha inabuni kipande cha ukuta cha kuziba pengo. Msomaji anaonyeshwa plasta ambayo hakuna fundi aliyeipiga, na anaamini ameiona. Wala tabia hii haikuanza na simu zetu. Kwenye jalada la Februari 1982 la jarida la National Geographic, piramidi za Giza zilisogezwa karibu ili zitoshe kwenye ukurasa wa wima. Majengo yaliyosimama maelfu ya miaka yalihamishwa mezani, kwa ajili ya jalada tu.

Hasara ya tabia hii inaonekana vizuri Zanzibar. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, enzi ya Sultani Barghash. Katika picha za kabla ya 1896, mbele ya jumba unaonekana mnara uliosimama peke yake. Kwa jicho la mpiga picha wa leo mnara huo ni kizuizi, maana unakatiza safu nzuri ya nguzo na veranda. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga mizinga, mnara ukaharibiwa, na baadaye ukajengwa mwingine ulioshikana na jumba lenyewe. Tunaujua umbo lake mnara wa kwanza kwa sababu hakuna aliyeufuta ili jumba lionekane vizuri. Halafu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jumba iliporomoka pamoja na mnara wa pili, na watu wawili wakapoteza maisha. Anayetaka kuelewa jengo hilo lilichokaje atazihitaji picha zenye nyufa, zenye alama za unyevu, zenye miti ya kuegemeza kuta. Picha ya kadi ya posta, iliyosafishwa, haitamsaidia.

Mimi nimezaliwa Mutarule, katika bonde la Ruzizi. Kwetu hakuna jumba la sultani. Kuna makanisa, zahanati, shule na nyumba za matofali ya udongo, na watu wa nje hawaziiti za kihistoria. Lakini usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa kijijini kwetu, wengi wao wakiwa katika ibada. Waliuawa kwa risasi, kwa silaha za makali na kwa moto. Tangu hapo siwezi kukubali kwamba historia inakaa tu kwenye majengo yenye miaka mia. Katika bonde letu tundu la risasi ukutani ni ushahidi. Kwa programu ya simu, tundu hilo ni doa, na linaondoka kwa mguso mmoja.

Na kwetu picha huishi kuliko jengo. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira ukabomoa nyumba nyingi. Ziwa nalo limepanda na kuingia mitaani. Mji wenye mawe na mihuri unaweza kumwambia mtu, "Nenda ukahakikishe mwenyewe." Sisi mara nyingi hatuna pa kumpeleka. Ni kama hati ya utenzi iliyopotea ikabaki nakala moja tu: mnakili wake anabeba mzigo mzito kuliko wote, kwa sababu kosa lake halina pa kusahihishiwa.

Wapo watakaonijibu kwamba wenye msiba wana haki ya kuona ukuta wao bila matundu. Nakubali. Familia ikitaka picha ya kutundika sebuleni, au kanisa likitaka kadi ya sikukuu, wafanye wapendavyo; hiyo ni kumbukumbu yao. Wapo pia watakaosema kwamba mpita njia hakuomba kupigwa picha. Hiyo nayo ni kweli, na dawa yake ni kuufunika uso wake kwa ukungu. Ukungu unajitangaza: kila mtazamaji anajua hapa pamefichwa kitu. Ukuta wa kubuni haujitangazi.

Wenye kazi ya kukarabati majengo walilimaliza suala hili zamani. Mkataba wa Venice wa 1964 unadai kazi ya kila zama iliyobaki kwenye jengo iheshimiwe, na kila sehemu mpya inayoziba pengo iweze kutofautishwa na ya asili, ili ukarabati usighushi ushahidi. Ikiwa fundi wa mawe amewekewa sharti hilo, kwa nini mpiga picha wa jengo lilelile asiwekewe?

Kwa hiyo napendekeza kwamba jarida letu na ripoti zetu za utafiti zishike mambo matatu. Kwanza, picha ya asili itunzwe na kukabidhiwa fakulte pamoja na ile iliyorekebishwa. Pili, chini ya picha iandikwe kilichoondolewa: "waya mbili na mtu mmoja wamefutwa upande wa kulia." Maneno tisa hayamchoshi mtu. Tatu, kabla ya kufuta, tutumie miguu. Tuje alfajiri kabla soko halijafunguliwa, tusogee hatua tatu kushoto, au tusubiri pikipiki ipite. Hata kuunganisha picha kadhaa zilizopigwa kutoka sehemu moja ni afadhali, kwa kuwa kila kipande cha ukuta kitakuwa kimeonekana kweli na kamera, mradi nalo litajwe.

Walimu wetu hawatakuwa na kazi mpya hapa. Sheria ya mabano wanayotufundisha tangu mwaka wa kwanza inatosha. Waidai kwenye picha kama wanavyoidai kwenye hati, na waanze na ripoti za mwaka huu.