SINEMA NA MUZIKI: Ngoma za Kinshasa

Karani mmoja wa Kisumu ameniandikia barua ndefu, wala si barua ya furaha. Asema kwamba yeye na wenzake walichanga fedha, wakakodi ukumbi na mashine ya kuonyeshea picha, wakawaalika wazee waliocheza dansi ya Kikongo katika ujana wao, ili waitazame filamu iitwayo Soul Power, yenye habari za tamasha kubwa la muziki lililofanywa Kinshasa mwaka 1974. Wazee hao walikuja kwa ajili ya Franco. Basi, Franco alipotokea na gitaa lake, mzee mmoja aliinama kutafuta miwani yake, na alipoinua kichwa Franco alikuwa ameshaondoka, na mahali pake wamesimama wengine. Karani auliza: je, tumepunjwa? Ni nani aliyeikata picha hii, na vipande vilivyobaki vimekwenda wapi?

Swali hili lastahili jibu refu kuliko nilivyozoea kutoa, nami nawaomba wasomaji wanivumilie.

Tamasha lile halikuzaliwa peke yake, bali lilifuatana na pigano la ngumi. Mabondia wawili wa Marekani, Muhammad Ali na George Foreman, walipatana kupigana Kinshasa mwezi wa Septemba 1974, kila mmoja kwa dola milioni 5, na serikali ya Mobutu ndiyo iliyosimamia gharama hiyo, ili jina la Zaire (ndivyo nchi ile ilivyoitwa toka 1971 hata 1997) lisikike ulimwenguni. Hugh Masekela wa Afrika Kusini na rafiki yake Stewart Levine wakaona kwamba watu wakikusanyika kwa ngumi, wanaweza kukusanyika kwa nyimbo pia. Wakawaalika weusi wa Marekani, kama James Brown, B. B. King na Bill Withers. Wakamwalika Celia Cruz, mzaliwa wa Cuba, pamoja na bendi ya Fania All Stars. Na kwa upande wa Afrika walikuwapo Miriam Makeba, Franco na bendi yake ya OK Jazz, Tabu Ley Rochereau na Afrisa, Bibi Abeti, na Orchestre Stukas. Sidhani kwamba watu wa namna hiyo walipata kusimama katika jukwaa moja tena.

Siku chache kabla ya tamasha, Foreman akakatwa juu ya jicho katika mazoezi, pigano likaahirishwa hata tarehe 30 Oktoba. Lakini wanamuziki walikuwa wamekwisha kupangiwa safari, na muziki haukuweza kungoja jicho lipone. Kwa hiyo tamasha lilifanywa tarehe 22, 23 na 24 Septemba, katika Uwanja wa 20 Mai, pasipo ngumi na pasipo wageni wengi waliotazamiwa kutoka ng'ambo.

Sasa nakuja kwenye picha yenyewe. Mwamerika mmoja, Leon Gast, aliajiriwa kupiga picha za mambo hayo yote. Alirudi kwao na mikanda mingi sana, na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa maana fedha za kuikamilisha kazi hazikuwapo, na mikanda ikashikwa katika mabishano ya fedha na ya sheria kwa muda wa miaka mingi. Filamu ya kwanza, When We Were Kings, ilitoka mwaka 1996, yaani miaka 22 baadaye, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1997. Nayo ni filamu nzuri, lakini ni filamu ya Ali. Muziki umewekwa humo kama kitoweo, si kama chakula. Mtu aliyesaidia kuikata filamu hiyo, Jeffrey Levy-Hinte, alisikitika kuona nyimbo nyingi zimebaki katika makopo, akazikusanya, akatengeneza Soul Power, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2008.

Naipenda filamu hii, wala sitaki karani wetu aitupe. Haina msimulizi wa kutuambia la kufikiri. Sehemu kubwa ya mwanzo yaonyesha mafundi wakijenga jukwaa na wakubwa wakibishana juu ya fedha, na humo ndani ya ndege wanamuziki wanashindwa kungoja kufika, wanaanza kupiga na kuimba angani. Bill Withers aimba na gitaa lake kwa utulivu, hata uwanja mzima wanyamaza. Miriam Makeba awaeleza watu, kwa maneno yenye mzaha na uchungu pamoja, juu ya ule wimbo wa Kixhosa ambao Wazungu walishindwa kutamka jina lake wakaubandika jina lao. Mtu anayependa muziki hawezi kusema amepoteza jioni yake.

Lakini malalamiko ya karani ni ya haki. Franco na Tabu Ley, waliokuwa wenyeji wa mji ule, na ambao watu wa Kinshasa waliwajua kuliko walivyomjua B. B. King, wamepewa muda mfupi tu. Naona sababu mbili. Ya kwanza ni ya ufundi. Mkanda wa milimita 16, wa futi 400, hukimbia kwa dakika 11 tu, kisha mpiga picha hana budi kubadilisha. Mikanda ni ghali, kwa hiyo haachi mashine izunguke ovyo, huchagua. Na wimbo wa Kikongo haukutungwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Huanza polepole kwa maneno, waimbaji wakipokezana, na baada ya hapo magitaa hukaza mwendo katika ile sehemu iitwayo sebene, ambayo ndiyo wachezaji waliyokuwa wakiingoja. Mtu asiyejua huona kwamba wimbo umekwisha kabla haujaanza. Mzee wetu wa Kisumu angelijua la kungoja, lakini siye aliyeshika mashine.

Sababu ya pili ni kwamba filamu ilikusudiwa kuuzwa kwa wanaomjua James Brown. Sisemi kwamba palikuwa na chuki. Nasema kwamba mwenye makasi hukata akiwafikiria wanunuzi wake, na wanunuzi hao hawakuwa watu wa Kinshasa, wala wa Kisumu.

Miriam Makeba mwenyewe aliufahamu vyema uwezo wa picha, maana ndiyo iliyomtoa kwao. Mwaka 1959 alionekana katika filamu ya Lionel Rogosin, Come Back, Africa, iliyopigwa Johannesburg kwa siri. Rogosin aliwaambia wakubwa wa serikali kwamba anapiga picha za kupendeza za muziki wa Waafrika, nao wakaona hakuna ubaya. Kumbe alikuwa akionyesha maisha ya mtu mweusi chini ya sheria za ubaguzi. Makeba huimba humo kwa muda mfupi tu. Lakini muda huo mfupi ulimfikisha Venice, na kutoka hapo Uingereza na Marekani. Mwaka 1960, mama yake alipofariki, alijaribu kurudi kumzika, akaambiwa pasipoti yake haifai tena. Hakuiona nchi yake hata mwaka 1990.

Ikiwa karani wetu ataka picha ambamo Kinshasa yajisimulia yenyewe, basi atafute La Vie est Belle, ya mwaka 1987, iliyotengenezwa na Ngangura Mweze wa Kongo pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Hii si tamasha, ni hadithi. Papa Wemba ni Kourou, kijana wa shamba apendaye muziki, aingiaye mjini bila senti akitaka kupiga muziki wa umeme. Anapata kazi ya utumishi nyumbani kwa tajiri mwenye ukumbi wa dansi, naye ampenda msichana yule yule ambaye tajiri, kwa ushauri wa mganga, ataka kumwoa awe mke wa pili. Ni vichekesho vitupu, lakini kila wimbo waja mahali pake, kwa maana nyimbo ndizo zinazoisukuma hadithi mbele. Wazungumza Kifaransa, ni kweli. Hata hivyo nadhani mtu asiyejua neno moja atafuata yote, kama sisi tulivyozicheza nyimbo za Kilingala miaka mingi tusijue zinasema nini.

Papa Wemba alianguka jukwaani mjini Abidjan mwezi wa Aprili 2016, mashine za picha zikimtazama, akafariki. Wengi walioitazama picha ile wametamani wasingeliiona. Mimi humtazama Kourou.

Kuhusu vipande vilivyobaki, habari ninayoweza kumpa karani ni nzuri nusu. Mwaka 2017 Masekela na Levine walitoa sahani mbili za muziki wa Waafrika wa tamasha lile, nao humo ndani wameachiwa nafasi ya kutosha: Franco, Tabu Ley, Abeti, Stukas, Makeba. Masekela alifariki Januari iliyofuata. Sauti, basi, yapatikana. Bali kumwona Franco akiimaliza sebene yake, na jinsi watu walivyomwitikia, hilo sahani haiwezi kutupa.

Nami nisijifanye hakimu. Katika arusi ya binti wa dada yangu nilimlipa mpiga picha kwa mkono wangu mwenyewe. Aliipiga keki, akayapiga magari, akampiga mkubwa mmoja akihutubia kwa dakika 20. Wale akina mama wanne waliokuja kwa miguu kuimba nyimbo za kumtoa bibi arusi, ambazo vijana hawazijui, aliwapiga kwa muda wa kukohoa, kisha akanijia akisema, “Mzee, betri inakwisha, niwaache hawa?” Nikamwambia awaache, ili ibaki ya kutosha kwa chakula.

Wawili kati ya wale akina mama wamefariki. Dada yangu ameniuliza mara mbili kama ule mkanda una nyimbo zao, na mara zote mbili nimemwambia nitautafuta.